Mbuzi mmoja, watu 32: kwa nini sitaki tena bonanza la pool

Najua nimekuwa kimya, si mnajua tena msimu wa test unavyokuwa, mtu unalala na daftari usoni. Wengine mnataka niandike kuhusu bumu, lakini kuhusu bumu sina jipya, likitoka mtaniona kantini nimebadilika sura. Leo naomba niwachoshe na jambo la nyumbani. Pool. Ndiyo, pool table, ile meza yenye mashimo sita inayokaa mbele ya baa na watu wakaizunguka kama msiba.

Sababu ni hii. Wiki iliyopita nimepigiwa simu na vijana wa Idete. Wanataka kuandaa bonanza jingine la pool mpunga ukishavunwa, na wananiomba niwe karani kama mwaka jana, maana wanasema mwandiko wangu unasomeka na mimi si mchezaji kwa hiyo sina upande. Nikawaambia karani nitakuwa, ila kwa sharti moja: isiwe mtoano, iwe ligi. Wee! Kelele niliyopigiwa kwenye simu. "Dada unatuletea mambo ya campus." Sasa kwa kuwa kwenye simu salio liliniishia, naandika hapa, na wale wa nyumbani mtasoma.

Kwa msiopafahamu: ukifika Ifakara mjini ukashika njia ya kwenda Mlimba, Idete haiko mbali. Hapa Morogoro nikisema natoka Idete, wanaopajua huuliza kitu kimoja tu, gereza. Jamani, Idete kuna gereza ndiyo, ila na sisi wengine tupo tunalima! Mpunga ndio kila kitu. Watu wanapanda mvua zikichanganya, wanavuna kuanzia kama Mei mpaka Julai, na ile miezi miwili mitatu ndiyo pekee ambayo kijana asiye na shamba lake anashika hela kwa mkono. Anavuna kwa watu, anapiga mpunga, anabeba magunia, analipwa. Shikeni hapo, maana hoja yangu yote imekaa hapo. Bonanza la pool halipangwi Februari. Linapangwa vijana wakishalipwa.

Tuanze na siku ya kawaida, ili tuelewane. Meza nyingi za kwetu ni zile za sarafu. Unatumbukiza mia mbili, unasukuma, mipira inashuka kwa kishindo. Kila mpira uliotumbukia unabaki tumboni mwa meza hadi gemu nyingine ilipiwe, isipokuwa mweupe, huo unarudi wenyewe. Watu huwa wanashangaa meza inajuaje. Kwenye meza nyingi za namna hii mpira mweupe unatofautiana kidogo kwa ukubwa na mingine, kwa hiyo ukipita kwenye njia yake ndani unachepushwa upande wa kutokea. Ndiyo maana mweupe ukipotea, ukiazima wa meza nyingine isiyofanana, mtakesha mnafungua meza. Na ufunguo wa kisanduku cha hela kwa kawaida hana mwenye baa, anao mwenye meza, ambaye anapita siku yake, wanahesabu, wanagawana.

Utaratibu wa kila siku ni kwamba mshindi anabaki mezani, aliyefungwa anakaa pembeni, na anayeingia ndiye anayetoa sarafu. Tazama uzuri wake. Mtu fundi anaweza kucheza jioni nzima kwa mia mbili moja. Mtu mbovu analipa kila anapoingia, lakini analipa mia mbili. Ukifungwa mara tano umepoteza buku. Hakuna aliyewahi kuuza gunia kwa sababu ya hiyo. Mimi na pool ya siku za kawaida sina ugomvi.

Sasa bonanza. Mwaka jana walijiandikisha watu 32, kila mmoja elfu kumi. Hesabu ni rahisi, 320,000. Bingwa mbuzi, na juu ya mbuzi hela kidogo, jumla tuliipigia kama 150,000. Wa pili elfu hamsini. Laki na ishirini iliyobaki ikaitwa "maandalizi", na kwa kuwa mimi nilikuwa naandika matokeo tu, sikuwa naandika hela, sitasema zaidi. Walioandaa wanajijua, na mahesabu wataulizwa na waliochanga.

Mtoano wa watu 32 una mechi 31, hauwezi kuzidi wala kupungua, kwa sababu kila mechi inamtoa mtu mmoja na lazima watoke 31 abaki mmoja. Raundi ya kwanza mechi 16. Na kwa kuwa siku ni moja na meza ni moja, kila mechi ya mwanzo ilikuwa gemu moja tu. Yaani watu 16, nusu nzima, walitoa elfu kumi wakacheza gemu moja wakaenda kukaa. Binamu yangu alikuwa mmojawapo. Alivunja mpinzani, akatumbukiza viwili, akasafisha meza karibu yote. Binamu alishika fimbo mara tatu. Niliangalia saa kwa sababu nilikuwa naandika, zilikuwa dakika nane. Elfu kumi ile ilikuwa hela ya kuvuna. Mgongo wake bado ulikuwa unauma.

Akaniambia, "Poa tu, ndio mchezo." Hapana, huo sio mchezo. Mchezo ni wakati unacheza.

Wanaobisha wanasema mtoano unampata aliye bora, asiye na uwezo atoke. Hapa naomba mniruhusu kidogo nitumie ada ninayolipiwa. Chukua wachezaji wawili ambao mmoja amemzidi mwenzake vya kutosha, kiasi kwamba wakicheza gemu 10 yeye anashinda kama 6. Kijijini mtu wa hivyo kila mtu anamjua kwamba ni mkali kuliko yule. Ukiwachezesha gemu moja, mbovu anamtoa mkali mara 4 kati ya 10. Hiyo imekaribia kurusha shilingi. Ukiwachezesha gemu 5, anayefikisha 3 ndiye mshindi, mkali anashinda kama mara 68 kati ya 100. Ukiwapa gemu 9, anayefikisha 5 kwanza, inafika 73. Mnaona? Hata gemu 9 hazitoshi kuondoa bahati, mmoja kati ya wanne bado anatolewa na mtu aliyemzidi. Kinachosaidia zaidi kumjua bora ni kuwakutanisha watu wengi, siku tofauti, mara nyingi. Kwa hiyo ule mtoano wa gemu moja mnaoutetea kwamba "unampata mkali", haumpati. Unampata mkali aliyeamka na nyota, akaangukia upande mzuri wa droo, na akapata kuvunja.

Na nani anavunja? Mwaka jana tulirusha shilingi kila mechi. Kwenye gemu moja kuvunja ni nusu ya ushindi kwa mtu anayejua. Kwa hiyo kuna watu walitolewa na sarafu kabla hawajaona mpira mweupe. Elfu kumi!

Halafu sheria. Mnajua ugomvi mkubwa wa mwaka jana ulikuwa ni nini? Mpira mweusi. Kuna waliozoea kwamba lazima utaje shimo kabla ya kuupiga, usipotaja au ukiingia kwingine umepoteza. Kuna waliosema ukiingia popote umeshinda ili mradi mipira yako imeisha na mweupe haukufuata ndani. Kila baa na katiba yake. Kwenye sheria za blackball zinazotumika kwenye mashindano ya kimataifa, ile ya mipira saba myekundu, saba ya njano na mmoja mweusi, hakuna kutaja shimo. Ukiutumbukiza mweusi kabla ya kumaliza yako, umepoteza. Ukiutumbukiza pamoja na mweupe, umepoteza. Basi. Mimi sijali mnachagua ipi, mnaweza hata kusema lazima mtu ataje shimo na jina la babu yake, lakini iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ukutani kabla mtu hajatoa hela. Mwaka jana refa alikuwa anauliza watazamaji. Watazamaji nao walikuwa wameweka dau!

Haya, watasema mimi nazungumza ndoto, ligi ya pool iko wapi Tanzania hii. Ilikuwepo. Wakubwa zetu mnakumbuka mashindano ya Safari Lager, ya bia ya TBL, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuendelea hadi muongo uliofuata, chini ya chama cha pool cha taifa, TAPA. Yalianzia kwenye klabu, yakaja mkoa, kisha fainali za taifa. Klabu zenyewe zilikuwa kwenye mabaa, ndio ukasikia majina kama Meeda ya Kinondoni au Mpo Afrika ya Temeke. Kulikuwa na timu, na mchezaji mmoja mmoja wanaume, na mmoja mmoja wanawake. Vyuo vikuu nasi tulikuwa na yetu. Kaka zetu wa hapa Moro wanasimulia mpaka leo, kila mmoja anadai alikuwa kwenye timu, sijui timu ilikuwa ya watu mia. Uganda nako bia ya Nile Special ililea ligi yao ya pool kwa namna hiyo hiyo, klabu kwa klabu.

Tatizo la mfumo huo ni moja, na sio dogo. Unasimama kwenye mguu wa bia. Kampuni ikihamisha hela kwenye kitu kingine, ligi inakauka kama bwawa la kambale Oktoba. Na ngazi ya chini kabisa, kijiji, haikuwahi kufikiwa. Fainali zilifika mikoani, sawa, lakini hakuna bia iliyokuja kudhamini vijana wa Idete wacheze na vijana wa Namawala. Kwa hiyo kilichobaki kijijini ni hicho kipande cha mwisho tu ambacho watu walikiona kwenye picha, fainali, kombe, mtoano, bila zile wiki za kucheza zilizotangulia. Tumerithi sherehe tukaacha harusi.

Kuna Wamarekani walifikiria hili muda mrefu. Mwaka 1979 wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha kitu ambacho leo kinaitwa American Poolplayers Association. Kina wanachama zaidi ya laki mbili, na karibu wote ni watu wa kawaida, fundi magari, mwalimu, muuza duka, wanacheza kwenye baa ya mtaani kwao mara moja kwa wiki. Siri yao sio hela. Siri ni kwamba kila mchezaji anapewa namba ya uwezo. Kwenye mchezo wao wa mipira nane namba zinaanzia 2, anayejifunza, mpaka 7, mkali. Namba 7 akikutana na namba 2, yule wa 7 anatakiwa ashinde gemu 7 kabla huyu wa 2 hajashinda 2. Na timu inapeleka watu watano usiku huo, namba zao zikijumlishwa zisizidi 23. Yaani huwezi kukusanya wakali watupu ukaunda timu ya kuua watu, hesabu inakukatalia. Lazima uwe na wabovu, na lazima uwafundishe, kwa sababu unawahitaji. Mimi niliposoma hiyo ya 23 nilicheka peke yangu maktaba mpaka jirani akanigeukia.

Msiniambie hilo ni la wazungu. Idete watu wanafanya tangu zamani bila karatasi. Mkali akimwita mtoto mezani anamwambia njoo nakutanguliza mipira miwili, au nacheza kwa mkono wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu anajua bila hivyo mtoto hatakuja, na asipokuja hakuna wa kucheza naye. Tunaijua haki hiyo siku za Jumanne. Inakuja siku ya hela tunaisahau.

Sasa pendekezo langu, na hesabu zake, maana najua mtasema "dada anaongea tu".

Watu ni wale wale 32. Makundi manne, watu wanane wanane. Kila mtu anacheza na wenzake saba wa kundi lake. Kundi moja linatoa mechi 28, makundi manne 112. Kila mechi haizidi gemu 5. Kwa watu wanaolingana, wa kwanza kufikisha 3. Kwa mkali na mbovu, mkali afikishe 4 kabla mwenzake hajafikisha 2, nayo haizidi 5. Nani mkali nani mbovu, tukae wazee wa meza watatu tuandike majina kabla ya kuanza, kila mtu anajulikana, hakuna siri hapo. Gemu ya kwetu ni kama dakika 10 hivi, mechi kama dakika 40. Wiki saba, mechi 16 kila wiki, meza mbili, Jumamosi na Jumapili. Inakuja mechi nne kwa meza kwa siku, hazifiki saa tatu. Kuanzia saa kumi jioni, kabla ya giza kubwa mmemaliza, wala jenereta ya dharura hatukodi.

Hela. Elfu kumi ile ile, lakini haitoki siku moja. Elfu tatu kujiandikisha, halafu buku kila wiki kwa wiki saba. Jumla 320,000. Gemu za makundi zikienda zote mpaka mwisho, 560, kwa mia mbili ni 112,000, na hiyo ni hela halali ya mwenye meza, haombwi msaada na yeye anafurahi. Washindi wanne wa makundi wanacheza nusu fainali na fainali, mechi tatu za anayefikisha 5, gemu 27 kwa wingi wake, 5,400. Kila mshindi wa kundi elfu ishirini, bingwa aongezwe elfu hamsini, jumla 130,000. Halafu kila aliyecheza mechi zake zote saba bila kukimbia anarudishiwa elfu mbili, hiyo ni 64,000. Inabaki 8,600. Chaki, na gundi ya kubandika ncha za fimbo zinazong'oka. Karani hadai kitu, ila soda mnaweza kuniletea.

Hiyo elfu mbili ya kurudishiwa msiidharau. Ugonjwa wa ligi unajulikana, mtu akishafungwa mara tatu anaingia mitini, na wale aliotakiwa kucheza nao wanapata pointi za bure, msimamo unaharibika. Kama kuna dawa nyingine nitaisikiliza. Mimi nimeona hiyo.

Mkali wetu mmoja, simtaji ila akisoma atajijua, amenitumia ujumbe kwamba bingwa kupata elfu sabini badala ya mbuzi na hela yake ni "kuua hamasa". Nimemwelewa. Kwake bonanza ni siku ya mshahara. Ila kaka, ile mbuzi uliyoila mwaka jana ilinunuliwa na watu 16 waliocheza gemu moja moja. Wakichoka, mwaka huu watakuja 20, mwakani 10, halafu utabaki unagombania mbuzi na kivuli chako. Na isitoshe kwenye ligi unacheza mechi saba kabla ya nusu fainali, watu wa Namawala wanakuja kukuangalia wiki baada ya wiki. Jina hilo mbuzi hakupi.

Nije kwa upande wa pili, wale wanaotaka meza zifungwe kabisa. Machi 2016, Rais Magufuli alipokuwa anawaapisha wakuu wa mikoa, aliwaambia kuhusu vijana wanaocheza pool saa za kazi wakati wenzao wako shamba, akataka wasimamiwe wafanye kazi. Baada ya hapo pool ikawa jina la uvivu. Nakubaliana naye nusu. Nimeona kwa macho yangu saa tatu asubuhi mwezi wa kupalilia, mama yuko shambani na mtoto mgongoni, baba ameinama kwenye meza anapiga hesabu za pembe. Huyo hata mimi ningemnyang'anya fimbo. Lakini amri ya saa za kazi ikishuka mpaka kijijini inaota mikia. Kuna kijiji kimoja cha bondeni, sikitaji, mgambo walikuwa wanakuja saa kumi na moja jioni Septemba, mpunga umeshavunwa, ardhi imepasuka kwa kiangazi, hakuna cha kulima hata ukitaka, na wanatawanya watu. Hao waliotawanywa hawakwenda shamba. Walikwenda nyuma ya nyumba kwenye karata, ambako gemu haina mia mbili, ina elfu mbili mbili.

Na hapa ndipo bonanza linawapa hao wanaotaka kufunga sababu nzuri kabisa. Siku nzima kuanzia asubuhi, pombe, madau pembeni, ugomvi wa mpira mweusi, watoto wamejaa. Mtendaji akipita akiona vile, utamwambia nini? Ligi ya jioni ya Jumamosi na Jumapili, ina ratiba ukutani, ina sheria, ina majina, unaweza kumpelekea barua ukamwalika hata kuvunja mpira wa kwanza. Mwaka huu kuna minong'ono kwamba bonanza halitapewa kibali. Tukikataliwa bonanza na hatuna kingine mkononi, meza zinaweza kufungwa jumla, na hapo hata ile pool yetu ya mia mbili imekwenda na maji.

La mwisho ni letu wasichana, na hili ndilo lililonifanya nikubali ukarani tangu mwanzo. Mwaka jana kwenye ile orodha ya 32 hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Sio kwamba hatujui. Kuna mdogo wangu wa shule anapiga mipira mirefu ya ukutani mpaka wanaume wanakaa kimya. Lakini bonanza liko baa, usiku linaingia, na msichana akiinama kwenye meza pale kesho kijiji kizima kina habari zake. Pale pembeni ya duka, chini ya mwembe, kuna kivuli kinatosha meza moja, na mwenye meza nimeshaongea naye, anasema haina shida kuihamishia kule kwa wiki saba mradi asiyekuwepo asiguse kisanduku. Meza itabidi isawazishwe upya, ardhi ya pale imeinamia barabarani. Mwaka jana tulipima kwa chupa ya maji iliyolazwa, tukaweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili, na bado mpira wa polepole ulikuwa unajiendea wenyewe kuelekea shimo la kushoto. Wenyeji tulilijua hilo shimo. Wageni walifikiri ni uchawi.

Kwa hiyo wa nyumbani, mkikubali, natuma fomu kwa mtu anayekuja wiki ijayo. Mimi nikimaliza UE narudi, nadhani mwishoni mwa Julai kama ratiba haitabadilika tena. Wale wa Namawala mnaotaka kundi lenu, tafuteni watu wanane kamili na mwenye bodaboda mmoja anayekubali kuwabeba kwa bei ya jumla, mnipigie kabla ya mwezi wa sita kuisha. Kila mtu aje na elfu tatu yake. Fimbo zipo nne, mbili zimepinda.